Viatu vya Kigoda cha Mama Yangu

Nyumbani, Alhamisi alasiri

Karimi, mama,

Umeenda soko la Gakoromone na jirani yetu Kagendo kutafuta kamba ya kufungia mbao zako, na mkishaanza kubishana na wauza ndizi hamtarudi kabla jua halijashuka. Nina saa tatu hivi za kuwa peke yangu. Nimekivuta kiti hadi mezani mwenyewe, kimepiga kelele sakafuni, nami nimekiacha kipige. Usinicheke mwandiko, ingawa nakumbuka niliwachapa watoto wa watu kwa mwandiko bora kuliko huu.

Sitakuambia ule vizuri, wala uchague marafiki, wala ufunge karakana mapema. Una miaka inayokaribia arobaini. Umenibeba mgongoni hadi chooni mvua ikinyesha, ukiimba kwa sauti ili nisione haya. Mtu wa namna hiyo hafundishwi kufunga mlango. Nina jambo moja tu la kusema, na nimelikwepa tangu kabla hujazaliwa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilikifundisha miaka mingi na kinanitii. Kwa Kimeru kila neno ningelisikia kwa sauti ya mama yangu, na nisingefika ukurasa wa pili.

Aliyelichokoza jambo hili ni kaka yako. Jumapili Mutwiri alikuja kutoka mjini na tepu ya kupimia. Wewe ulikuwa jikoni, kwa hivyo hukusikia mwanzo wake. Alipiga magoti, akaanza kupima sebule.

"Mama, hii sakafu imechoka. Nataka kuweka vigae."

"Vya nini?"

"Watu wakija wapate mahali pasafi."

"Watu gani?"

Akajifanya anasoma namba kwenye tepu.

"Watu gani, Mutwiri? Wa mazishi?"

"Mama, na wewe!"

"Basi pima vizuri. Usiruke hapa nilipokaa."

Hapo ndipo ulipoingia na chai, ukatukuta mimi nacheka na yeye amenuna. Na kwa kuwa hakuweza kunikasirikia mimi, akakugeukia wewe. Haya uliyasikia mwenyewe, lakini nayaandika ili ujue kwamba na mimi niliyasikia.

"Na wewe Karimi, Embu unaenda kufanya nini ambacho huwezi kufanya hapa? Viti? Hata hapa watu hukaa."

"Nimepata karakana, kaka. Tuko watatu. Nikingoja tena watachukua mtu mwingine."

"Mama atabaki na nani? Kwetu msichana ambaye hajaolewa ndiye hukaa na mzazi. Hiyo ni mila."

Ulitazama trei. Jumatatu nikakuona kupitia mlango ulioachwa wazi ukitoa nguo sandukuni na kuzirudisha kwenye rafu, blauzi mbili, kisha sweta, kisha zote. Jana umezipakia tena. Leo sijui zimo au hazimo. Pikapu imeagizwa kwa ajili ya kesho na mimi sijui kama utapanda.

Mila hiyo haipo, Karimi. Nimezaliwa Tigania na kuolewa Imenti, nimeishi miaka mingi kuliko wote wanaotuzunguka, na sijawahi kuisikia. Mutwiri ameitunga Jumapili hiyohiyo, kati ya chai na andazi, kwa sababu anaogopa zamu yake. Simlaumu sana. Namna anavyofanya naijua. Mimi mwenyewe niliwahi kuchukua mila, tena ya kweli, nikafunika nayo jambo, na likabaki limefunikwa hadi leo. Nataka ulione kabla hujaamua.

Lakini lazima nianze na sakafu.

Nilizaliwa Muthara, hukohuko Tigania, katika nyumba ya udongo. Mama yangu aliipaka sakafu samadi ya ng'ombe na majivu kila wiki, na hakuna mwanamke aliyekuwa msafi kuliko yeye. Hata hivyo funza waliishi humo. Waliingia kwenye vidole vyangu vya miguu wakataga. Nilikwenda shule nikitembea kwa visigino, na kuna mwalimu aliyenisimamisha mbele ya darasa ili wenzangu waone miguu ya mtoto mchafu. Sikuwa mchafu. Nilikuwa nalala kwenye udongo. Siku hiyo niliapa, na nilikuwa na miaka tisa, kwamba nikikua miguu yangu haitakanyaga udongo ndani ya nyumba yangu.

Marehemu baba yenu aliponioa tulikuwa walimu wawili wenye kitanda kimoja na masufuria mawili. Tulijenga hapa, juu ya Mitunguu, nyumba ya mbao na mabati, uhuru ukiwa bado na harufu ya rangi mpya. Mbao zilikuwa za yeyote. Sakafu nilisema ni yangu. Fundi alitoka Embu, mtu mfupi mwenye mwiko wa chuma aliouita mke wake. Alichanganya simiti na unga mwekundu, akaisugua kwa mwiko hadi ikang'aa kama ngozi ya kunde mbichi. Tulilala kwa jirani siku tatu. Siku ya nne nilivua viatu nikatembea peku kutoka ukuta hadi ukuta, mwalimu mzima, nikilia. Hakukuwa na sakafu nyekundu nyingine kwenye mtelemko huu wote. Wanawake walikuja kuitazama kama wanavyokuja kumtazama mtoto.

Sitaomba msamaha kwa kuipenda sakafu hiyo. Nataka hilo liwe wazi kabla sijaendelea, kwa sababu najua jinsi maungamo yanavyosomwa. Mchungaji mmoja aliwahi kuhubiri juu ya wanawake wanaoabudu simiti, akinikazia macho. Nami nilimkazia macho. Wiki hiyohiyo alikuwa amekunywa chai juu yake na kumuuliza baba yenu ninatumia polishi gani. Mtu ambaye hajawahi kuchokolewa funza kwa pini asiniambie niipende sakafu kwa kiasi.

Kisha vikaja viti. Vilikuwa sita vya mbao nzito, miguu ya mraba, vimetoka kwa fundi vikiwa vimepigwa msasa kila mahali panapoonekana, na chini ya miguu havikuguswa hata kidogo. Baada ya mwezi sakafu yangu ilikuwa na mistari myeupe kila upande. Ulipokuwa mtoto ulinicheka kwa sababu viti vyetu vilivaa viatu. Hukujua nilijifunza vipi, na kwa kuwa wewe sasa ndiwe fundi, nitakuambia. Unavijua viti kuanzia mahali pa kukalia. Mimi navijua kuanzia chini.

Kwanza nilikata akala kuukuu za baba yenu, nikapigilia vipande vya tairi chini ya kila mguu. Sakafu haikukwaruzwa tena, lakini kila kiti kiliacha madoa manne meusi ambayo hayakutoka kwa sabuni, wala mafuta ya taa, wala machozi. Mpira mweusi na polishi hushikana vikaoana. Baba yenu akasema tujaribu vifuniko vya soda. Nilimwachia kiti kimoja. Mgeni aliyekikalia alisikika kama anayecheza ngoma, na sakafu ilichimbwa miduara midogo yenye meno, bado ipo nyuma ya kabati. Mwishowe nikachukua blanketi kuukuu, nikalikunja mara nne, nikaushonea kila mguu mfuko wake na kuufunga kwa uzi. Hapo nikatulia. Baada ya muda mikwaruzo ikarudi. Sikuelewa. Nilifungua mfuko mmoja nikaugeuza, na chini yake, katikati ya manyoya ya blanketi, palikuwa na mchanga. Umeingia na viatu vya watu, umenaswa, na kila kiti kilipovutwa kilikuwa kinasugua kwa msasa nilioushona mimi mwenyewe. Mbao peke yake huacha alama hafifu. Mchanga ndio unaochimba. Tangu hapo kila Ijumaa nilivivua viti viatu, nikavikung'uta nje na kuvifua.

Wateja wako watakuuliza juu ya kitambaa na vanishi. Wewe pindua kiti kwanza, lainisha chini ya miguu, kata kingo zake, na uhakikishe miguu yote minne inakanyaga. Kiti kinachoyumba ndicho kinachoharibu sakafu kuliko vyote, kwa sababu anayekikalia hatulii. Na ukiweka kitu laini chini, kijaribu juu ya sakafu iliyopakwa polishi, na mtu mzee akiwa amekikalia. Hilo la mwisho sikulijaribu. Sasa nakuambia kwa nini nalijua.

Mama yangu, yule unayeitwa kwa jina lake, alibaki peke yake Muthara baba yangu alipokufa. Mimi ndiye mtoto pekee aliyekuwa hai. Unajua kwetu mama hakai kwa mkwe wake, hata kulala usiku mmoja ni jambo la kuzungumzwa. Baba yenu hakujali. Alikwenda Muthara mwenyewe na gari la kuazima, akasimama uani kwa mama yangu, yeye mkwe ambaye hakupaswa hata kumtazama usoni, akamwambia, "Mama, nyumba ina vyumba vinne na mimi sina aibu hata moja. Panda gari." Wazee walichinja mbuzi ili mambo yalegezwe, wakala, wakafuta midomo, wakasema hakuna ubaya. Naandika haya polepole ili uyaelewe. Mila ilikuwa imeshamalizwa. Ilimalizwa kwa mbuzi, mbele ya watu.

Mama alikuja na nguo zake na kigoda chake. Kilikuwa cha miguu mitatu, cha chini, kimechongwa kutoka gogo moja, na mguu mmoja uliwahi kupasuka, baba yangu akaukaza chini kwa pete ya chuma. Viti vyangu vilimshinda. Miguu yake haikufika chini. "Hiki kinataka kunimeza," alisema, akateremka kama mtoto, akakaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, ungo mapajani, akimenya njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu. Asubuhi jua huingia kwa dirisha lile na kulala sakafuni, kisha husogea. Mama alisogea nalo. Aliinua makalio kidogo, akakisukuma kigoda kwa kisigino, akakaa tena. Kufikia saa sita alikuwa amevuka sebule nzima, na nyuma yake pete ya chuma imechora upinde mweupe kwenye simiti yangu.

Nilipotoka shule niliuona huo upinde kabla sijamsalimu.

Siku ya kwanza niliusugua kwa polishi. Siku ya pili pia. Wiki ya pili nilimwambia, "Mama, ukitaka kusogea, kiinue."

"Nikiinue nikiwa nimekikalia?"

"Simama, ukiinue, ukae."

"Mwalimu," akasema, "mimi nimeshamaliza shule."

Baba yenu alicheka hadi akamwaga chai. Mimi sikucheka. Jumamosi hiyo nilikishonea kigoda viatu vitatu vya blanketi. Aliponiona nikivifunga alitazama miguu yake.

"Mwari wakwa, binti yangu, kigoda kinavaa viatu na mimi niko peku?"

"Viatu vyako viko chini ya kitanda, mama. Hutaki kuvivaa."

"Na chenyewe kimekubali? Umekiuliza?"

Alikikalia. Akajisukuma kwa kisigino kama kawaida, na kigoda kikaenda mbali kuliko alivyotaka. Alishika ukuta. "Kinateleza," akasema. Nikamwambia atazoea. Siku iliyofuata akasema tena kinateleza, nikakuta amevivua viatu na kuviweka dirishani vimepangwa vizuri. Nikavifunga tena, mara hii kwa fundo asiloweza kulifungua na vidole vyake. Nilijua hawezi kulifungua. Nililichagua kwa sababu hiyo.

Wiki ile akina mama wa kanisa walikuwa waje kwangu. Ijumaa nilipaka polishi mara mbili, nikaisugua kwa brashi na kwa gunia hadi nikaiona sura yangu ndani yake. Jumamosi asubuhi baba yenu alikuwa ameenda shuleni. Mimi nilikuwa napanga vikombe mezani. Mama alitoka chumbani na ungo wake, akaenda kwenye jua, akajishusha kwenye kigoda. Kigoda kikaondoka. Nilisikia ungo kwanza, kisha njahi zikitawanyika, kisha yeye.

Nilikimbia. Nataka niandike ukweli wote: nilikimbia haraka sana. Nilipofika nilipiga magoti, na macho yangu yakaenda sakafuni. Nilitazama pale pete ya chuma ilipogonga, kama imetoa kipande. Nilipitisha mkono pale. Ndipo nikamtazama mama, na yeye alikuwa ananitazama tangu mwanzo. Amelala ubavu, mkono wake wa kulia umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki.

Akasema, kwa upole, bila kejeli yoyote, na ningetoa chochote angalau ingekuwa kejeli, "Haijaumia, mwalimu."

Ndilo jambo lenyewe hilo. Nimelibeba miaka yote hii na ukiliandika ni mistari michache.

Nilimpeleka hospitali. Baba yenu alipofika nilimwambia mama ameteleza kwenye ngazi ya nje, kwa sababu ya umande. Nilisema hivyo mama akiwa hapo hapo, mkono umefungwa plasta. Hakunikanusha. Alimgeukia baba yenu akasema, "Mwanangu, nirudishe Muthara. Nimekaa kwa mkwe vya kutosha. Mila ni mila, hata mkila mbuzi." Baba yenu alimsihi. Mimi nilikuwa nakunja shuka. Nilijua anafanya nini. Alijua baba yenu akiujua ukweli hatanitazama tena kama alivyokuwa akinitazama, naye akanipa mila nijifunike, kama mtu anavyomrushia mwingine leso. Nami nikaipokea. Alirudi Muthara wiki hiyo, akatunzwa na jirani, na mkono ukaunga vibaya. Hakukanyaga tena nyumba hii.

Ulizaliwa mwaka uliofuata. Nilikupa jina lake na watu wakasema nimemheshimu. Nilikubeba nikakupeleka Muthara, ndiyo safari pekee mliyoonana. Alikupokea kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akakuwekea chini ya kichwa kwa namna yake ya kupinda.

"Huyu ndiye mimi?" akauliza.

"Ndiye wewe, mama."

"Basi huyu," akasema, "mwache akae anapotaka."

Nikasema ndiyo. Alipokufa ulikuwa bado hujajua kusema sawasawa, na nilisimama mbele ya watu wa Muthara nikasoma wasifu wake. Niliandika kwa Kiswahili kizuri kwamba mama yangu aliheshimu mila hata akakataa kuishi kwa mkwe wake kwa raha. Watu wakaitikia amina. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Hayo ndiyo niliyokufundisha pia ulipokua na kuniuliza kwa nini nyanya hakukaa nasi. Nilikudanganya ukiwa na miaka saba, ukiwa na kumi na mbili, na mwaka jana tena, ulipokuwa unaniogesha na ukauliza kwa kupitisha muda tu.

Na ile 'ndiyo' niliyomwambia mama sikuitimiza. Nilikukalisha kwenye ualimu, ukaukataa. Ulipoanza kupiga mbao randa nyuma ya nyumba nilisema kwa sauti, wageni wakisikia, kwamba sikulipa karo ili nipate fundi. Ulipoondoka mara ya kwanza sikukuaga. Ulipopata habari kwamba naugua ulirudi bila kuitwa, ukaacha nafasi yako, na miaka miwili hii hujawahi kunikumbusha. Wakati mwingine ningependa ungenikumbusha.

Sasa nisikilize. Daktari amesema miezi. Mimi sikumuuliza, alijisemea. Inawezekana nife siku ambayo wewe uko na randa mkononi na simu iko kwenye koti ukutani. Sawa. Kufa ni kazi yangu, sihitaji msaidizi. Kagendo anahamia chumba chako kesho. Nilimfundisha darasa la nne akiwa mkaidi, na ujane haujampunguza ukaidi, anavuta viti kama anavuta ndama, na tumekwisha kugombana mara mbili juu ya chumvi. Tutaelewana. Mutwiri atakuja Jumapili kwa Jumapili, na akikosa nitampigia simu kazini niulize kwa sauti kama vigae vimefika.

Najua utakalosema. Utasema nyanya alibaki na jirani akaumia moyo, na sasa na wewe unaniachia jirani. Usithubutu kuyalinganisha. Yule nilimfukuza. Wewe pia nakufukuza. Mfukuzaji ni mimi mara zote mbili, na mara hii niko sahihi, na hakuna mila, wala kaka, wala mchungaji atakayekuja kuniambia vinginevyo ndani ya nyumba niliyoimwagia simiti kwa mshahara wangu.

Tena usikae kwa kunihurumia. Huruma yako nimeila miaka miwili na ilikuwa tamu, lakini ilikuwa ya mwanamke ambaye hukumjua. Mwanamke unayemjua sasa alitazama sakafu kwanza. Pengine utamchukia kidogo. Mchukie. Mimi mwenyewe nimemchukia na bado nimempikia, nimemvalisha, nimempeleka kanisani. Pengine utamsamehe, hilo ni lako, sikuombi. Ninachokataa ni ubaki hapa ukimtunza yule mwingine, wa uongo, niliyewaundia ninyi wote.

Kwa hivyo barua hii sitaificha kwenye sanduku lako ili uikute Embu, mbali nami, nikiwa salama. Nimewaza kufanya hivyo. Ni woga uleule. Nitaiweka kwenye mto wako leo na utaisoma nikiwa chumba cha pili, ukuta wa mbao kati yetu, na unajua mbao hizi hazizuii hata kikohozi.

Pikapu inakuja saa mbili asubuhi. Nimempigia dereva nikamwambia asikubali ikisemekana safari imeahirishwa, apige honi mpaka kijiji kizima kitoke. Ukitaka kuja kunigombeza, njoo saa moja. Nitakuwa macho, nimevaa, na sitajitetea.

Mama yako